Chumba Kisicho na Marumaru

Mama yangu alinipa ruhusa ya kuitengeneza nyumba, hakunipa ruhusa ya kulaza wageni. Kwake hayo yalikuwa mambo mawili, na aliyatenga kwa kidole juu ya mkeka, moja huku, jingine kule.

"Paa ezeka. Milango tengeneza. Vyoo weka vya kukalia, magoti yangu yatakushukuru. Lakini watu nisiowajua kulala kwenye nyumba ya baba yangu, hilo nitakuja kuona kwanza, ndiyo nitasema."

"Sasa Mama, nihangaike na nyumba nzima halafu uje useme hapana?"

"Basi usihangaike."

Ndivyo alivyo. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu ananijua, lakini zangu ni moto wa makuti, zinawaka na kuzima. Za mama yangu hazionekani. Anasema neno moja, anarudi kwenye tasbihi yake, na wewe unabaki unabishana na ukuta.

Nyumba ni yake, aliachiwa na baba yake. Iko nje kidogo ya Rutamba, unapotoka Lindi mjini na kuiacha bahari nyuma. Ilijengwa na Mjerumani mmoja mwenye shamba, kwa mawe na chokaa, kuta nene hata ukikaa dirishani unaweza kukunja miguu ukanywa chai yako humo humo. Vita ikamwondoa Mjerumani. Nyumba ikapita mikononi mwa huyu na yule, ikakaa tupu, watu wakasema ina mashetani, na hapo ndipo babu yangu, mkulima wa korosho asiye na habari na mashetani, akainunua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mama alizaliwa humo. Aliolewa humo, akatuzaa humo, na baba yangu alipofariki humo yeye alibaki. Mpaka masika moja paa la upande wa nyuma likaporomoka akiwa jikoni, nikaenda kumchukua.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, nilikopika hotelini kwa miaka mingi, nikapanga vyumba viwili Lindi mjini. Mama akaishi na mimi. Sikumnyima kitu, samaki yupo, wali upo, feni ipo. Lakini mwanamke aliyezoea kuamka alfajiri na kwenda kuangalia mikorosho yake, ukimkalisha kwenye kibaraza cha nyumba ya watu akitazama bodaboda, anakwisha. Alikuwa akinywea mbele ya macho yangu. Kila asubuhi swali ni lile lile: "Nyumbani mvua imenyesha?" Kana kwamba mimi ndiye mtabiri wa hali ya hewa.

Nilitaka kumrudisha. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, mengine yote ni maelezo. Na nyumba kubwa kama ile huwezi kuikarabati ukaiacha ikae tu, inataka kulishwa kila mwaka, rangi, bati, mchwa. Wageni wapo. Wanakuja kutazama ziwa la Rutamba, wanakuja kutafuta kile kilima cha ndani kulikochimbwa mifupa ya mijusi mikubwa ya zamani, kisha jioni wanarudi kulala mjini kwa sababu huku hakuna pa kulala. Kupika najua, kutandika kitanda najua. Nikasema, nyumba itailipa nyumba. Lakini bila neno la Mama hakuna mgeni hata mmoja, na bila wageni Mama angerudi kwenye kile kibaraza akafie pale.

Nikapiga moyo konde, nikaanza.

Fundi niliyempata ni Mmatumbi kutoka milima ya Kilwa, Mkatoliki mcha Mungu, mnene, mcheshi, mwenye tabia ya kuongea na kuta. "Haya bibi, tulia nikukande," anauambia ukuta, huku anaupaka chokaa. Alikuja na vijana wake, wote wa kwao. Mwanzo tulitumia saruji, ukuta ukaitema yote baada ya mvua ya kwanza, nikapiga kelele hadi majirani wakatoka. Tukarudi kwenye chokaa. Baada ya hapo kazi ilikwenda. Paa likakaa, madirisha yakafunguka, baraza ikapata nguzo mpya.

Kijijini walikuwa na yao. "Gesti huku kwetu ya nini? Mnataka kutuletea walevi?" Mwanamke mmoja alinisimamisha njiani akanishika mkono kama nimefiwa. "Mwenzangu, mama yako yule mtu wa dini, utamfanya nini?" Nikamwambia nitamfanyia chai. Nikaondoka nimenuna, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nikijiuliza mwenyewe.

Ikabaki sakafu. Vyumba vya pembeni tuliweka marumaru nyeupe, safi, unajiona uso. Chumba cha kati kiliachwa mwisho. Ni kikubwa na kina ubaridi wa ajabu hata jua likiwa kali. Sakafu yake ilikuwa ya zamani, udongo ulioshindiliwa na juu yake chokaa nyembamba, na katikati ilikuwa na viraka. Viraka virefu, kama urefu wa mtu, kila kimoja rangi yake, mahali palipobomolewa na kuzibwa wakati tofauti. Karibu na dirisha kulikuwa na kimoja kifupi. Tangu utoto nilivikanyaga bila kuuliza.

Siku fundi alipoingiza mtaimbo kwenye kiraka cha kwanza, ukazama. Haukugonga, ulizama. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele nikasikia kimya, na fundi yule kukaa kimya ni habari. Akatoka, akanijia taratibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, njoo. Na mlango ufunge."

Nikaingia, nikaufunga. Vijana wote wamesimama wanatazama chini.

"Udongo laini huu," fundi akasema. "Umechimbwa ukafukiwa. Mwingine pale, na pale. Dada, nyumba hii ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Kabla yake?"

Nikamwelewa. Huku kwetu hakuna asiyejua habari ya mali ya Mjerumani. Alipokimbia vita, wanasema, hakuweza kubeba kila kitu, akafukia. Watu wamechimba chini ya madaraja, wamechimba mizizi ya miti mikubwa ikaanguka, wanakuja wengine na mashine za kupimia na wengine na kuku weusi. Sijapata kumwona aliyetoa hata kifungo cha shati. Lakini kila mtu anamfahamu mtu anayemfahamu mtu aliyepata.

"Upuuzi," nikasema.

"Upuuzi," fundi akakubali. Kisha akaongeza, "Lakini tusipotazama, dada, tukaweka marumaru juu, tutalala usingizi kweli?"

Haya, semeni ninyi. Nyumba ya Mjerumani, mashimo yenye urefu wa sanduku, katikati ya nyumba, yamezibwa vizuri. Ningekataa vipi? Nikasema chimbeni kidogo, mara moja, halafu mfukie, na mtu asiseme. Wakaanza kwa adabu kabisa. Fundi alipiga ishara ya msalaba kwanza. Mimi nikasimama mlangoni nikisoma kimoyomoyo na mimi, kila mtu kwa njia yake.

Hapakuwa na kitu. Udongo laini mpaka kwenye goti, kisha ardhi ngumu. Walipaswa kuacha hapo. Lakini mchimba mali haachi, akikosa anasema imekwenda pembeni. Kijana mmoja akasema sanduku husogea. "Linasogea lina miguu?" nikamuuliza, lakini walikuwa wameshaanza kufuata ukuta. Nilikwenda kuepua sufuria tu, niliporudi walikuwa wameingia chini ya msingi, na kutoka juu chokaa yetu mpya ikaanza kudondoka, vipande vipande, na ufa ukapanda ukutani hadi karibu na dirisha.

Nilichosema siku ile siwezi kukiandika. Nilirusha mwiko. Fundi alipouona ule ufa alisahau hata mali, akawatoa vijana mmoja mmoja akaanza kuegemeza ukuta kwa miti, huku anauomba radhi. Ukasimama. Nikashusha pumzi nikakaa juu ya mfuko wa chokaa.

Na mlango uliofungwa, bila shaka, ulikuwa umeshasikika kijiji kizima. Watu walijaa uani kama kuna msiba, wanachungulia, wanauliza imetoka ngapi. Wakati ninawafukuza, bodaboda ikaingia, na nyuma yake, amekaa upande, ushungi umejaa vumbi, mkono mmoja umemshika dereva shati, alikuwa mama yangu.

Kuna mtu alimpigia simu. Mpaka leo sijui nani.

Kila kitu nilichokipanga, jinsi atakavyokuja siku ya kwanza akute mapazia, akute maua, akute sambusa, kilikuwa kimekwisha. Alikuta umati, na nyumba ya baba yake imechimbuliwa tumbo. Nikasema moyoni, basi, tumerudi kwenye kile kibaraza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wamechimba wapi?"

"Mama, karibu kwanza, unywe hata..."

"Nimeuliza wapi."

Nikampeleka. Fundi alikuwa bado ameshika mti wa kuegemezea, akavua kofia kwa mkono mwingine. "Shikamoo, bibi." Mama akamwitikia, akasimama ukingoni, akatazama ndani ya shimo. 

"Mlikuwa mnatafuta nini?"

Nikamtazama fundi, fundi akanitazama. Likawa langu. "Mali ya Mjerumani," nikasema, na maneno hayo niliposikia yanatoka kinywani mwangu mbele ya mama yangu, nilitamani shimo linimeze.

Mama akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikamwendea mbio, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Yarabi toba! Mmechimba mfuo wa baba yangu mkitafuta mali!"

Fundi hakujua mfuo ni nini, na Mama ndiye aliyemweleza, kwa upole, kama anamfundisha mtoto. Mtu akifariki, zamani, alioshwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kitanda cha kamba kinawekwa chumba cha kati, na chini yake linachimbwa shimo refu ili maji ya josho yaingie humo, yasitapakae, yasikanyagwe. Maiti ikishatoka, linafukiwa na sakafu inazibwa. Ndiyo mfuo. "Huu ni wa baba. Ule wa pili wa mama yangu. Ule wa baba yenu."

Fundi akaweka mti chini, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Bibi, nisamehe. Nimekanyaga."

"Wewe hukujua, baba. Mgeni hana kosa. Huyu wangu ndiye nashangaa."

"Mama, ningejua wapi? Mkifiwa sisi watoto mnatupeleka kwa jirani! Na mjini watu wanaoshwa msikitini!" Hasira yangu ilikuwa imepanda, au ilikuwa aibu, sijui, kwangu vyote vinatoka kwa sauti moja. Na katika kutafuta la kusema nikaonyesha kile kiraka kifupi cha dirishani. "Na huu wa nani? Huu mfupi?"

"Wa kaka yako."

"Kaka yangu yupi?"

"Wa kwanza. Hakukaa. Hakufika hata kupewa jina." Alisema akitazama dirisha, si mimi.

Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba. Nimebeba wadogo zangu mgongoni kwa sababu mimi ndiye wa kwanza, nimepigwa kwa makosa yao kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Na pale nilipokuwa nikiruka kamba utotoni, kwa sababu sakafu ilikuwa sawa, ndipo alipooshewa kaka yangu. Nililia. Nililia mbele ya vijana wa fundi na sikuona haya.

Mama akaniacha nilie. Kisha akaomba maji ya udhu, akaomba mkeka, akatuambia tutoke wote.

Nilikaa barazani. Watu walikuwa wametawanyika, msiba usio na maiti hauna utamu. Fundi alikaa ngazini mikono kichwani. Nilijua atakachosema Mama, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kumbishia. Nani angekubali watu wapite na masanduku yao, na viatu vyao, juu ya baba yake, juu ya mama yake, juu ya mtoto wake? Nilijiandaa kusema "sawa, Mama." Nililirudia neno hilo mdomoni, liwe tayari, lisije likatoka na kelele.

Alipotoka alitupita pale barazani. Alianza kuzunguka nyumba. Nikamfuata nyuma kama mkwe mpya. Aliingia chumba cha kwanza, akavua kandambili, akapanda kitandani, akajilaza chali, akatazama paa.

"Godoro gumu. Vizuri."

Akaenda chooni. Akavuta maji, akarudi nyuma. "Maji yote haya kwa haja ndogo?"

"Ndivyo vilivyo, Mama."

"Hm." Akapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, akakitazama. "Pombe?"

"Hakuna pombe. Wakitaka wataikuta huko huko mjini."

"Na wasio na ndoa?"

"Mama! Nimsimamishe mtu mlangoni nimwombe cheti?"

"Mwombe," akasema, na nikaona pembe ya mdomo inacheza. Akafika barazani, akashika nguzo mpya, akaitikisa. Haikutikisika. Akatazama mikorosho, ile ya karibu na ile ya mbali, inayotaka kupogolewa.

"Haya," akasema. "Walale."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nani, Mama?"

"Wageni wako. Si ndio ulikuwa unasumbuka? Walale. Chumba cha kati hapana. Kile changu."

Jamani. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu siku ile ya mkeka kilishuka chote kwa pamoja. Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye si mtu wa kukumbatiwa kumbatiwa, nikamshika mkono tu na kuubusu. Nikaanza kusema haraka haraka, chumba cha kati tutakitengeneza vizuri kuliko vyote, marumaru ninazo, zilizobaki ni nzuri zaidi, zina maua...

"Usinitie marumaru mle."

"Mama, sakafu imeharibika yote, utakanyaga udongo?"

"Nikanyage udongo. Unajua nilipoambiwa mnachimba nilishtushwa na nini? Si shimo. Nilidhani mmeshaweka mawe yenu yale, nimechelewa. Kule mjini silali, mwanangu. Kila nikitazama ile sakafu ya yule mwenye nyumba, najiuliza, mimi hawa wataniosha wapi? Watamwambia mwenye nyumba tunavunja? Watanibeba kwenye gari?" Alisema bila huzuni, kama mtu anayepanga nani atapika nini sikukuu. "Ndiyo maana nikasema nitakuja kuona kwanza."

Wageni hata hawakuwa tatizo lake kubwa. Miezi yote ile mimi napigana na gesti na walevi na majirani, yeye alikuwa anaifikiria sakafu.

Fundi alikuwa amesikia. Alisimama, akaenda mwenyewe, hakumtuma kijana, akaanza kuurudisha udongo ndani ya shimo la babu. Aliurudisha kwa mikono, kwanza, kisha kwa beleshi. Ukuta aliuziba msingi wake kwa mawe siku zilizofuata na umekaa imara. Lakini siku ile alikuwa na shimo tu, na alilifukia kwa bidii ya mtu anayetaka kusamehewa. Udongo ulipofika juu akachukua gogo la kushindilia, akalinyanyua kwa nguvu zake zote, akapiga, akanyanyua tena. Nyumba yote ilikuwa inatetemeka.

Mama alikuwa mlangoni anatazama. "Fundi," akamwita.

"Naam, bibi."

"Usishindilie sana, baba. Watakaochimba wasipate tabu."

Fundi akasimama na gogo lake hewani. Akaliteremsha taratibu, akalilaza ukutani, na kazi iliyobaki akaimaliza kwa miguu, akikanyaga polepole, kama anayetembea mahali watu wamelala.

Hilo lilikuwa kabla ya wageni wa kwanza. Sasa wanakuja, si wengi, wa kutosha. Asubuhi wanamkuta Mama barazani amesharudi kutoka kwenye mikorosho yake, ananenepa, anawafundisha kuamkia na kuwakosoa wakikosea. Wakiuliza kwa nini chumba chake peke yake hakina marumaru, anawaambia anapenda ubaridi wa udongo, na mimi namwacha. Yeye analala mle kila usiku, kitanda chake katikati. Kila alfajiri nikisikia anakohoa na kutafuta kandambili zake gizani, nasema alhamdulillah, na naendelea kulala kidogo.